Kifaa Kilichoko Stoo

Tekla alikiondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja, akakiweka juu ya televisheni, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ilikuwa alasiri ya Jumanne, Tabata Segerea, na umeme ulikuwepo. Feni ya ndani ya boksi ikaanza kuzunguka kwa sauti ya mtu anayepuliza chai ya moto. Tekla alisubiri huku akisali Salamu Maria, kwa kuwa mashine ile ilichelewa kuwaka na hakupenda muda upotee bure.

Kompyuta ilikuwa ya zamani. Mume wake, Apolinari, karani wa masjala, aliipata ofisini kwao siku walipoletewa mpya na za zamani zikagawiwa wenye bahati. Kwa miaka mingi ilikaa sebuleni ikiwa imefunikwa, na wageni waliisifia bila kuiona. Ilianza kupata kazi pale Tekla, akiwa amevuka hamsini na mtoto wao Daniel ameshaajiriwa Dodoma, alipojiandikisha masomo ya jioni kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwa ameishia darasa la saba, kwao Muleba. Hesabu zilimtoa jasho na Kiingereza kilimchosha, lakini kompyuta aliipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu ilimwambia alipokosea na haikumcheka.

Mwalimu wao, Brightson, alikuwa mdogo kuliko Daniel. Kila jioni aliingia ukumbini, akasimama mbele ya wanafunzi wake, akawaamkia shikamoo wote kwa pamoja, wakaitikia marahaba, ndipo akawa mwalimu. Baada ya hapo angeweza kumgombeza mtu yeyote.

Wiki iliyopita Brightson alikuwa amepita nyumbani kwa Tekla na flashi mfukoni, akaipiga ile kompyuta windo mpya, yaani akaiwekea mfumo mpya juu ya mwili wa zamani. Alipoondoka, spika zilikuwa bubu, mashine ya kuchapia ilikataa karatasi, na mtandao haukushika.

"Hayo ni kawaida, Mama Daniel," alisema darasani. "Kila kifaa kina draiva yake, kiprogramu cha kukitambulisha kwa mfumo. Bila draiva kifaa kipo, kimechomekwa, kina umeme, ila kwa kompyuta ni kama hakipo. Fungueni ule ukurasa wa vifaa. Kisichotambulika kina kialama cha njano. Jumatatu kila mtu aniletee picha ya ukurasa wake ukiwa safi. Huo ndio mtihani wenu wa mwisho. Asiye na picha atarudia kozi na wadogo zake."

Darasa lilicheka. Tekla hakucheka. Alikuwa amekwisha kurudia mambo mengi maishani.

Hivyo Jumanne ile alikaa mbele ya kompyuta na kuanza na spika. Aliwasha bando la simu, akaiunganisha, akaenda kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, akashusha draiva ya miaka ile ya zamani. Mfumo mpya uliikataa. Akakumbuka alivyofundishwa: bonyeza upande wa kulia, chagua iendeshwe kana kwamba mfumo ni ule wa zamani. Mfumo ukakubali kudanganywa. Spika zikalia mlio wa furaha, na Tekla akasema, "Mungu ni mwema," na Apolinari, aliyekuwa likizo akisoma gazeti la juzi, akasema, "Wakati wote."

Mashine ya kuchapia ilimsumbua zaidi. Aliiwekea draiva ya mashine nyingine ya kampuni ileile, inayofanana nayo kama pacha. Ilichapa, lakini herufi zilitoka kama siafu waliomwagiwa maji. Brightson alimwelekeza kwa simu. "Ukikipa kifaa draiva ya mwenzake kitafanya kazi nusunusu, Mama. Kitakuitikia, lakini siyo chenyewe. Ondoa hiyo kwanza, halafu weka yake." Tekla aliondoa, akaweka yake, na karatasi ikatoka na herufi zilizonyooka. Mtandao ulikubali mara ya kwanza.

Kufikia saa kumi na moja ilibaki alama moja tu ya njano. Kando yake kulikuwa na maneno: Kifaa kisichojulikana. Tekla alikibonyeza asome sifa zake. Kurasa nyingine zote za kompyuta ile zilikuwa za Kiingereza, lakini huu ulikuwa wa Kiswahili, na Tekla aliona afadhali.

Ukurasa uliandika: *Kipo: stoo, juu ya mkeka, kando ya gunia la mahindi. Hali: kinatumia draiva ya kifaa kilichotangulia.*

Tekla aliinuka akaenda stoo. Msichana wao wa kazi, Zuena, alikuwa amekaa juu ya mkeka wake kando ya gunia la mahindi, akikunja kanga.

"Zuena, hebu nipishe kidogo."

Zuena alipisha. Tekla aliangalia nyuma ya gunia, akasogeza madumu, akakuta pasi mbovu, feni isiyo na mapanga na boksi tupu la birika la umeme. Hapakuwa na kitu cha kuchomekwa kwenye kompyuta. Alimshukuru Zuena, akamwambia aangalie maharage, akarudi sebuleni. Alifikiri kidogo, akabonyeza: Ondoa kifaa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Alama ya njano ikatoweka, ukurasa ukawa safi kabisa, na Tekla akaupiga picha kwa simu yake.

Muda si mrefu harufu ya maharage yanayoungua ikafika sebuleni.

Zuena alikuwa amesimama jikoni mbele ya jiko la gesi, akizungusha kitufe ambacho hakikuzima. Apolinari alikuja akakigusa, moto ukazima. Zuena alikwenda bombani, akafungua, maji hayakutoka. Tekla alifungua bomba lilelile, maji yakatoka. Ufagio ulimponyoka kila alipoushika. Mlango wa jokofu haukumfungukia. Mbwa, ambaye alikuwa akimlisha kila siku, alisimama akambwekea kama mgeni. Zuena alifungua mdomo akasema jambo, lakini sauti haikutoka, au ilitoka na nyumba haikuibeba.

"Nyumba haimtambui," alisema Apolinari, akarudi kwenye gazeti lake.

Tekla aliutazama tena ule ukurasa wa kompyuta, mahali palipokuwa na alama ya njano, akaelewa alichoondoa.

Hapa inafaa kueleza kuhusu jina. Msichana wa kwanza kufanya kazi katika nyumba ile aliitwa Zuena, na alikuwa Zuena kweli. Alimlea Daniel mpaka akaanza shule, kisha akaolewa Kibamba na kuondoka na masufuria mawili ya zawadi. Aliyekuja baada yake alikuwa na jina gumu kwa mtoto. Daniel alimwita Zuena, mama yake akaona hakuna ubaya, na baba yake hakuona kabisa. Wengine walipokuja walilikuta jina limeshawekwa, kama kitanda. Huyu wa sasa alikuwa Zuena wa nne. Siku aliyofika, dalali aliyemleta, Badru, alimwambia getini, "Hapa utaitwa Zuena, usiwabishie, watu wazuri hawa." Na yeye hakubisha.

Jumatano Tekla alijaribu kumrudisha. Alibonyeza sehemu ya kuongeza kifaa. Kompyuta ikauliza: *Jina la kifaa?* Akaandika Zuena. Ikajibu: *Kifaa hiki kiko Kibamba na kinaendelea vizuri.* Kwa upande mmoja Tekla alifurahi kupata habari za Zuena.

"Andika Dada," alishauri Apolinari. "Si wote huwa tunawaita dada?"

Tekla akaandika Dada. Kompyuta ilitafuta kwa muda mrefu, feni ikazunguka kwa nguvu, kisha ikasema: *Vyenye jina hili ni vingi mno.*

Alitafuta kabatini ile sidii ya draiva iliyokuja na mashine. Sidii ilikuwa na draiva za spika, za kioo na za kibodi, na wimbo mmoja wa dansi ambao mtu wa ofisini aliuweka humo kwa sababu zake. Haikuwa na kitu kingine.

Wakati huo kazi za nyumba zilikuwa palepale. Jioni ya Jumatano Tekla alipika ugali, akaosha vyombo, akapiga deki, na alipotazama saa darasa lilikuwa limekwisha anza na kwisha. Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Apolinari aliosha soksi zake, akazianika, akazitazama kwa heshima. Tekla hakuwa amekosa darasa hata mara moja tangu ajiandikishe. Alikuwa akiamini kwamba ni kwa sababu ya bidii yake na maombi yake.

Msichana naye alikuwa amehamia nje ya geti. Ndani ya ukuta hakuna kilichomtii, hata kikombe. Kuta za stoo pekee zilimvumilia, usiku, kwa kuwa mkeka ulikuwa wake. Mchana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya duka la jirani, Bi Mahfudha. Ndoo ilikuwa ya Bi Mahfudha, na maji aliyotawadhia yalikuwa ya Bi Mahfudha, na chapati aliyokula pia. Nje ya geti sauti yake ilisikika vizuri. Alizungumza na wateja, akawachekesha. Lakini hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuzungumza naye nje ya geti. Maagizo yote yalitolewa ndani.

Ijumaa asubuhi Apolinari alimpigia simu Badru.

"Huyo hata mie nilimwonaga mzito mzito," alisema Badru. "Isikupe shida, mzee wangu. Kikizingua unabadilisha. Kesho mchana nakuletea mwingine, mchangamfu, halafu huyo nampeleka stendi apande basi la kwao."

"Kwao wapi?" aliuliza Apolinari.

"Ah, kusini huko. Yeye mwenyewe anajua."

Apolinari alimweleza mke wake kwamba ishu imeisha. Tekla alikuwa akichambua mchele, na mawe yalikuwa mengi kuliko alivyokuwa akikumbuka.

"Nina mtihani Jumatatu," alisema. "Na picha ninayo."

"Basi, ndiyo hivyo."

"Ukurasa uko safi, Baba Daniel."

"Ndiyo hivyo."

Jumamosi asubuhi Tekla alikwenda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akasali rozari yote na litania ya Bikira Maria, kisha akanyamaza ili apewe jibu. Hakusikia sauti. Alijisikia tu kama mtu anayegundua, saa za jioni, kwamba kutwa nzima amezunguka mtaani na gauni alilolivaa ndani nje, na kwamba watu wote waliomsalimia walikuwa wameona. Akainuka. Miguu ikampeleka uani, ikampitisha kwa mbwa, ikamtoa getini.

Msichana aliinuka kutoka kwenye ndoo alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Tekla aliangalia chini, akaangalia maboksi ya sabuni, akamwangalia Bi Mahfudha, ambaye alikuwa akipima sukari na hakuwa na nia ya kuondoka. "Mwanangu, samahani. Wewe unaitwa nani?"

Msichana alimtazama kama mtu anayesikiliza kama swali lina mkia.

"Kwa Badru au kwetu?"

"Kwenu."

"Mauwa. Mauwa Ismaili."

"Mie nilijua siku zote," alisema Bi Mahfudha, bila kuinua macho kwenye mizani. "Nikimsikia anaitwa Zuena huko ndani, nikasema labda wenyewe wamempa la kumpendezea. Watu na mambo yao."

"Sasa mbona hukuniambia, jirani?"

"Hukuniuliza, mwaya. Umekuja kununua chumvi mara ngapi hapa?"

Tekla alirudi ndani karibu akikimbia, akaandika: Mauwa Ismaili. Feni ilivuta pumzi. Kompyuta ikauliza: *Mtengenezaji?* Tekla alitoka tena getini.

"Mama yako anaitwa nani, Mauwa?"

"Somoe. Yuko Newala. Anafinyanga vyungu."

Akaandika Bi Somoe, Newala. Ikakubali. Kisha ikauliza: *Kinaweza kufanya nini?* Swali hilo Tekla aliliona jepesi. Akaandika kupika, kufua, kudeki, kuteka maji, kuchambua mchele, kuamka mapema. Kompyuta ikajibu: *Hizo ni za kifaa kilichotangulia. Taja zake.*

Alikaa akiutazama ukurasa. Aliweza kutaja sifa zote za mashine ya kuchapia, wino wake, upana wa karatasi yake, kasi yake. Akatoka getini kwa mara ya tatu, na safari hii alibeba kigoda, akakaa.

"Mauwa, wewe unaweza nini?"

Bi Mahfudha aliacha kupima sukari.

"Naweza kucheza bao," alisema Mauwa. "Nilikuwaga namfunga mjomba, mpaka akakataa kucheza nami mbele za watu. Naweza kuimba kaswida, sauti ya juu. Najua mvua inakuja kabla haijaja, kwa magoti. Naweza kukaa na mgonjwa bila kuchoka. Na naweza kusoma. Nilifika kidato cha pili, baba akafariki. Hesabu nilikuwa naziweza. Usiku nasikia mama unavyohangaika na zile za sehemu, unasema namba kwa sauti, mie huku stoo najibu. Sema husikii."

"Nyumba imejengwa vibaya," alisema Tekla.

"Ndiyo, mama."

Tekla alirudi akaandika yote: bao, kaswida, mvua kwa magoti, kukaa na mgonjwa. Mwishoni aliandika: kusoma. Kisha akaongeza, kwa sababu aliona ni haki: hesabu za sehemu. Akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza.

Mstari wa kijani ulianza kutembea kwenye kioo, taratibu, kama konokono kwenye ukuta wa bafu. Ulisimama katikati. Apolinari alikuja akasimama nyuma ya mke wake. Nje, pikipiki ilifika na kuzimwa. Ilikuwa ya Badru, na nyuma yake ameketi msichana mwenye begi dogo la rambo.

"Wapi huyu wa kusini?" aliuliza Badru kwa furaha. "Fungasha, sista, basi halisubiri mtu."

Mauwa hakufungasha. Alikuwa amegeuka kuangalia geti.

Mstari wa kijani ulifika mwisho, na geti likafunguka lenyewe, mabawa yote mawili, hadi likagonga ukuta. Mauwa aliingia. Bomba la uani lilifunguka kabla hajalifikia, likajaza ndoo, likajifunga pale maji yalipofika ukingoni. Mbwa alilala chali mbele yake na miguu juu. Taa za sebule, za varanda na ile ya chooni iliyokuwa imeungua tangu Pasaka zikawaka mchana kweupe. Jokofu likafunguka. Ufagio uliokuwa umeegemea ukuta ukasimama wima. Mashine ya kuchapia ikaanza kutoa karatasi bila kuagizwa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na herufi zilizonyooka, kubwa, nyeusi: MAUWA ISMAILI.

Mauwa alisimama katikati ya uwanja, akavuta pumzi, akaimba. Ilikuwa kaswida ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, waliyoimba kwao siku za Maulidi, na sauti ilipita juu ya ukuta, ikapita juu ya bati za Segerea, ikawafikia mafundi waliokuwa wakipiga plasta huko karibu na Kinyerezi, nao wakaweka chini miiko yao wakasikiliza mpaka mwisho. Bi Mahfudha alipiga vigelegele akiwa mlangoni mwa duka. Wanawake wa nyumba za jirani wakamwitikia bila kujua harusi ni ya nani. Tekla alikuwa amesimama varandani, machozi yanamtoka, anasema, "Asante Yesu, asante Yesu," na hakuna aliyeona kwamba sala zile mbili hazikupatana.

Apolinari alimshika mkono mke wake. "Umefaulu," alisema.

"Bado Jumatatu."

"Umefaulu, Mama Daniel."

Badru alitazama geti, taa na karatasi zilizokuwa zikipeperuka uwanjani. Alikuwa mtu wa biashara na alitambua mara moja kwamba hapa hapana nafasi.

"Sasa huyu niliyemleta?" aliuliza.

Tekla alifuta macho. "Anaitwa nani?"

"Huyu? Muite tu Zuena."

"Anaitwa nani?"

Badru alimgeukia msichana, kwa kuwa hakujua. Msichana alisema, kwa sauti ndogo, "Vaileth."

"Karibu, Vaileth," alisema Tekla. "Hapa tumejaa."

Badru alimpakia Vaileth na begi lake. Kulikuwa na nyumba nyingine mtaa wa tatu, iliyokuwa na haja tangu Alhamisi, na wenyewe walikuwa wamezoea jina la Rehema. Kufikia alasiri msichana alikuwa Rehema.

Jumatatu Tekla alivaa gauni la kitenge la Jumuiya na kwenda darasani mapema. Brightson aliwaamkia, wakaitikia, akawa mwalimu. Picha ya Tekla, aliyoipiga upya, ilipofika kwenye kioo kikubwa ukutani, wanafunzi walinyoosha shingo. Hapakuwa na alama moja ya njano. Spika zilikuwepo, mtandao ulikuwepo, mashine ya kuchapia ilikuwepo, na chini yake: Mauwa Ismaili.

"Mama Daniel, hebu simama uwaeleze wenzako," alisema Brightson. "Hili la mwisho ulilitatua vipi?"

Tekla alisimama. Alieleza kwamba draiva ya kifaa kilichotangulia lazima iondolewe kwanza. Alieleza kwamba jina likikosewa mfumo utakataa, na kwamba mtengenezaji ni muhimu. Alieleza kwamba draiva haikuwa kwenye sidii wala kwenye tovuti, ilikuwa nje ya geti. Wanafunzi waliandika.

"Wangapi nyumbani wana kifaa kisichojulikana, kiko stoo?" aliuliza Brightson.

Mikono iliinuka karibu yote. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisema chake kiko jikoni, chini ya meza.

"Na ninyi ambao mlishaondoa mkapata ukurasa safi?"

Mikono michache iliinuka, na mmoja ulikuwa wa mwinjilisti.

"Sawa," alisema Brightson. "Nanyi nimewapa alama, kwa sababu swali lilisema ukurasa uwe safi. Lakini Mama Daniel apigiwe makofi ya kilo."

Alipigiwa makofi ya kilo, na mengine ya nyongeza. Alipewa cheti chenye muhuri, akakumbatiwa, akabebwa kidogo na akina mama wawili wenye nguvu. Brightson akamwambia asiishie hapo. Darasa la kidato cha pili la jioni lilikuwa linaanza wiki ijayo, hesabu zikiwemo, na nafasi yake ameshamwekea. Tekla alirudi nyumbani akiimba njia nzima.

Apolinari alikitundika cheti juu ya kompyuta. Mauwa alipika pilau. Jiko liliwaka lilipomwona, moto ukajipunguza wenyewe wakati wa kukausha, na hakukuwa na punje iliyoungua. Kila mtu alimwita kwa jina lake. "Mauwa, leta maji." "Mauwa, chumvi." "Mauwa, pilau hii Mungu akubariki." Sauti yake ilisikika sasa kutoka stoo hadi sebuleni, na jioni Tekla aliposema kwa sauti robo tatu kujumlisha theluthi moja, jibu lilimfikia mara moja kupitia ukutani, naye akaliandika.

Wiki iliyofuata Tekla alivaa viatu, akachukua mkoba wake na Biblia yake ndogo. Mauwa alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Mauwa, mwanangu, mie natoka. Baba yako anarudi saa mbili, umpashie ule mchuzi. Niombee, leo tunaanza aljebra."

"Aljebra ni nzuri, mama," alisema Mauwa. "Usiiogope."

"Amina," alisema Tekla.

Geti lilimfungukia Tekla kwa sababu Mauwa alilitazama, kisha likajifunga. Mauwa aliweka viazi kwenye maji. Alijifuta mikono, akaenda sebuleni, akakiondoa kile kitambaa cha kufuma, akakikunja na kukiweka juu ya televisheni kama alivyozoea kuona. Hakuhitaji kubonyeza. Kompyuta iliwaka yenyewe, haraka kuliko ilivyowahi kuwaka, na ukurasa wa vifaa ukafunguka. Alilitafuta jina lake akalipata. Alisoma mstari kwa mstari: Newala, Bi Somoe, bao, kaswida, mvua, mgonjwa, kusoma, hesabu za sehemu. Kipo: stoo, juu ya mkeka. Hapakuwa na alama ya njano. Chini kabisa pameandikwa: *Kifaa hiki kinafanya kazi ipasavyo.*

Magoti yake yakamwambia kwamba mvua inakuja. Alirudisha kitambaa, akakinyoosha pembe zote, akatoka uani kuanua nguo.